Nesi Salfa

Kwanza nisameheni mwandiko. Naandika polepole, shule niliishia darasa la saba, na herufi zangu hupanda na kushuka hata nikiandika juu ya mstari. Mkikuta neno nimelikosea, lisomeni mnavyolijua ninyi, tuendelee. Kusema mbele za watu siwezi. Hata nikitumwa dukani nasubiri pembeni mpaka wateja wote waondoke. Labda kwa kalamu nitaweza.

Leo asubuhi nilikuwa nachoma korosho nyuma ya nyumba. Ninyi mnaozijua zikiwa kwenye pakiti hamjui harufu yake. Korosho ikiwa bado na ganda, ukiitia kwenye bati juu ya moto hutoa mafuta, mafuta yanashika moto, na moshi unatoka mweusi, mkali, wa kukaba koo. Unamwagia mchanga moto uzime, halafu unakaa chini unabangua moja moja. Mafuta yale yakikugusa yanaunguza ngozi, na yanaacha weusi usiotoka kwa sabuni. Mimi nikinusa moshi huo namkumbuka Bi Tatu. Na nikimkumbuka, meno yangu yanabanana yenyewe.

Kwetu ni kijijini, ndani kidogo ukitoka Mtama. Sisi ni Wamwera. Bi Tatu alizaliwa kule juu kwa Wamakonde, akaolewa na Mmakonde mwenzake wakahamia kwetu, na sisi na wao ni watani. Kwa msiotaniwa, nawaeleza. Mtani anakwambia lolote na huruhusiwi kukasirika. Nilipokuwa mdogo nilimsikia mama akimwamkia hivi:

"Shikamoo, mla ming'oko!"

"Marahaba, mwizi wa kuku! Wa leo umemficha wapi?"

Kisha wanacheka, wanashikana mikono. Ming'oko ni mizizi ya porini wanayoila Wamakonde, na wizi wa kuku ndio tunaosingiziwa sisi. Utani wenyewe unanoga zaidi kwenye msiba. Babu yangu alipofariki, bibi alikaa kwenye mkeka kama gogo, halii, hali chakula. Akaja Bi Tatu. Akachukua kofia ya babu, akaivaa upande, akaanza kutembea uani kwa magoti yaliyopinda kama ya babu, akikohoa kama babu, akimtukana kila mtu kwamba uji umekosa sukari. Bibi akaangua kicheko, na kicheko kikafungua machozi, na baada ya machozi akaomba maji. Ndiyo kazi ya mtani. Anakuja kukutoa shimoni. Nawaambia mapema ili msije mkasema utani ni kitu kibaya. Kibaya ni kile ambacho Bi Tatu aliufanyia utani huo.

Bi Tatu alikuwa mhudumu wa zahanati yetu. Kazi yake ilikuwa kudeki, kuchemsha vifaa, na kupanga watu kwenye benchi. Lakini alikuwa na gauni la bluu lenye mifuko miwili, na ukivaa gauni kama lile kijijini, watu wanakuita daktari usipowakataza. Yeye hakuwakataza.

Siku mama alipopata uchungu wa mtoto aliyenifuata mimi, nesi alikuwa ameitwa mjini kwenye semina. Mama alikwenda na dada yangu Hawa, aliyekuwa sekondari wakati huo. Bi Tatu akamtazama mama pale mlangoni, hakumgusa hata tumbo, akasema, "Bado huyo. Rudini nyumbani, mje kesho." Wakarudi. Hawakufika. Mtoto alizaliwa njiani, kwenye shamba la mihogo la watu, Hawa akampokea kwa kanga. Alikuwa wa kiume. Hakulia.

Baada ya hapo Hawa alirudi shule, akaanza kusoma baiolojia na kemia kama anayegombana nazo. Jioni tulikaa wote kubangua korosho, yeye kitabu kikiwa kimefunguliwa juu ya magoti, kurasa zote zina alama nyeusi za vidole.

Mwaka uliofuata mimi nilishikwa na homa. Mama na Hawa wakanipeleka zahanati, tukakaa kwenye benchi na watu wengine. Mama, kwa furaha tu ya mzazi, akamwambia jirani aliyekaa naye kwamba Hawa amemaliza kidato cha nne na anataka kusomea uuguzi. Bi Tatu alikuwa anapita na ndoo. Akaitua.

"Nesi? Hawa? Hebu lete mikono nione." Akaushika mkono wa dada, akauinua juu benchi zima waone. "Jamani, mkono huu! Mgonjwa akishikwa na hii atadhani amefuatwa na mchoma mkaa. Labda uwe nesi wa mikorosho, uwe unaipuliza salfa. Nesi Salfa!"

Salfa ni dawa ya unga tunayopuliza mikorosho isishikwe na ugonjwa. Benchi likacheka. Hata mimi na homa yangu nilicheka kidogo. Ulikuwa utani, na ulikuwa mzuri.

Kisha akamgeukia mama. "Na wewe mwizi wa kuku, mwenyewe unataga mihogoni kama kanga wa porini, leo unataka kutuletea nesi?"

Benchi likacheka tena, ila safari hii kwa kuchelewa. Na mama akacheka. Ndugu zangu, kicheko kile bado ninacho masikioni. Kilikuwa kifupi, kama cha mtu aliyepaliwa. Nilimtazama Hawa. Hakucheka. Aliuvuta mkono wake taratibu kutoka kwa Bi Tatu, akauweka mapajani, akaufunika na kanga.

Nyumbani nilimuuliza mama kwa nini alicheka. Akasema, "Mtani huyo, mwanangu. Ningefanyaje?" Akaenda kuchota maji ingawa mtungi ulikuwa umejaa.

Tangu siku ile nikawa na kazi moja moyoni: kumlipiza Bi Tatu. Mimi mwenyewe nisiyeweza kusema, nilimtungia Bi Tatu matusi nikiwa nabangua. Kila korosho ilikuwa kichwa chake. Nilitunga ya ming'oko, nilitunga ya gauni la bluu, nilitunga ya miguu yake. Niliyahifadhi yote kwa ajili ya dada, maana yeye ndiye angefika mahali pa kuyasemea.

Matokeo yalitoka, Hawa akafaulu. Maombi ya chuo alitumiwa na kijana wa steshenari pale Mtama, aliyeuliza kila swali kwa sauti mpaka foleni nzima ikajua alama za dada. Ukapita muda, jina likatoka, chuo kikawa mbali, mkoa mwingine. Nyumba yetu ikageuka kiwanda. Tulibangua mpaka macho yakavimba. Wiki ya kuondoka Hawa alisugua mikono kwa ndimu na mchanga, akapaka utomvu wa papai, akasugua tena. Weusi ulipungua, haukuisha. Bi Tatu alisimama barabarani siku Hawa anapanda gari, akapaza sauti, "Nesi Salfa, usisahau bomba la kupulizia!" Watoto wakadaka. Jina likabaki kijijini likimsubiri.

Aliporudi na cheti na leseni yake, nilidhani siku imefika. Kumbe nesi mpya ni kama mtu aliyealikwa harusini akafika na kukuta viti vimejaa. Nafasi zilitangazwa, akaomba, majina yakatoka, lake halimo. Akaomba tena. Siku moja akanyoosha gauni lake jeupe akasema, "Naenda kujitolea zahanati." Zahanati ilikuwa hiyo hiyo, na Bi Tatu alikuwa bado na ndoo yake.

Nilimpelekea dada chakula cha mchana kila siku, kwa hiyo niliona. Bi Tatu alimpa deki. "Nesi Salfa, anzia chooni." Kuna siku alimwaga maji ya dawa makusudi kwenye sakafu iliyokwisha kudekiwa, akasema, "Aa, mtani, limeniponyoka." Hawa alideki. Alichoma sindano, alipima watoto, alizalisha, halafu akadeki. Mimi nilisimama dirishani na kikapu, nikisubiri aseme hata moja. Hakusema. Kitu kimoja tu hakukubali. Mwanamke mwenye uchungu akija, hata ikiwa mapema namna gani, Hawa alimtandikia mkeka chumba cha pembeni akasema, "Hapa hatumrudishi mtu." Akilisema hilo alimtazama Bi Tatu, na Bi Tatu aliokota ndoo akaenda nje.

Hatimaye jina lilitoka. Halmashauri ikampanga pale pale kwetu, kwa kuwa watumishi ni wachache na yeye kazi alikwisha kuizoea. Mama alichinja kuku, na watani wengine wakapiga kelele kwamba kuku huyo ni wa wizi, tukala tukicheka. Bi Tatu hakuja. Muda wake wa kazi ulikuwa umekwisha, gauni la bluu akalivalia shambani.

Na huko shambani ndiko alikojikata na jembe mguuni. Akajitibu kwa majani, kidonda kikaoza, wakamleta zahanati kwa baiskeli. Nilikuwepo, nimekuja na kikapu changu. Benchi limejaa. Moyo wangu ulikuwa unapiga kwa furaha, siwafichi. Matusi yangu yote ya miaka yote yalikuwa tayari, nilikwisha kumpa dada, alikuwa nayo.

Bi Tatu akaketishwa kwenye benchi lile lile. Hawa alipotokea mlangoni, Bi Tatu, pamoja na maumivu yake, akatabasamu. Akaunyoosha mguu. "Haya Nesi Salfa, nimekuja. Nipulizie!"

Watu wakaanza kucheka. Wote tukamgeukia Hawa.

"Shikamoo, mama," Hawa alisema.

"Marahaba, mwizi wa kuku."

"Pole sana, mama. Jina lako kamili?"

Bi Tatu akacheka peke yake. "We mtoto! Jina langu hulijui? Mimi si nilikubeba?"

"Jina kamili tafadhali, mama. Na umri."

Kicheko kikakatika benchi zima. Bi Tatu akataja jina lake, na la baba yake, kwa sauti ndogo. Hawa akaandika. Akapiga magoti, akamsafisha kidonda taratibu, mikono ndani ya glovu, akifuta usaha. Akamfunga vizuri. "Urudi kesho, mama. Usikanyage maji." Na kesho yake hivyo, na kesho kutwa hivyo, mpaka mguu ukapona. Kila siku Bi Tatu alileta utani mpya. Kila siku alijibiwa "ndiyo, mama" na "pole, mama".

Nilikasirika kuliko siku ya ile homa. Nilimwambia Hawa njiani, "Umemwogopa! Mbona hukumwambia?"

"Nimemwambia, Somoe," alisema. "Tena kila siku."

Nikaona chuo kimemharibu dada yangu.

Nilielewa baadaye, siku mume wa Bi Tatu alipofariki. Tulikwenda matangani, mama, Hawa na mimi. Bi Tatu alikuwa kwenye mkeka, amekaa kama gogo, kama bibi yangu alivyokaa. Kwenye kigoda katikati ya ua walikuwa wameweka kofia ya marehemu. Hakuna aliyeuliza imewekwa kwa ajili ya nani. Mama yangu ndiye aliyekuwa mtani mkubwa wa nyumba ile, na marehemu alikuwa na mwendo wa bata ambao mama aliuigiza vizuri mpaka yeye mwenyewe marehemu alikuwa akimlipa sukari aache.

Mama akapeana mikono na wafiwa, akaketi. Akavuta kanga yake vizuri. Wamwera wengine waliokuwepo wakamtazama mama, nao wakatulia.

Bi Tatu akaitazama kofia, akamtazama mama. Alisubiri. Halafu akasema, na sauti ilikuwa ya mtu anayeomba maji, "Mama Hawa. Kofia ya mtani wako ile pale."

"Nimeiona, mama," mama alijibu. "Mungu amlaze mahali pema."

Bi Tatu akamgeukia Hawa. Hawa akainamisha kichwa kwa adabu. "Pole sana, mama."

Hapo ndipo nilipoona uso wa yule mwanamke ukiporomoka. Hakuna mtu aliyemvunjia heshima. Tulimpa heshima mpaka ikamjaa, kama wanavyopewa wageni waliokosea nyumba. Nami nikajua ni nini dada alichokuwa akimwambia pale chini ya mguu wake, kila siku, na glovu zake mikononi: wewe si mtani wetu tena. Matusi yangu yote niliyotunga juu ya maganda ya korosho yangekuwa zawadi. Angeyapokea kwa kicheko, na ya mihogoni yangefutika.

Kofia ilibaki kwenye kigoda mpaka tunaaga. Wengine husema ulikuwa ukatili, mfiwa ni mfiwa. Labda. Mimi nilitembea kurudi nyumbani nyuma ya mama yangu, na njia yetu inapita kando ya lile shamba la mihogo. Tulipofika hapo mama alipunguza mwendo kama anavyofanya siku zote. Ila siku ile hakuharakisha kupita kama kawaida yake. Alisimama, akapumua, kisha akaniambia nimchumie kisamvu cha jioni.

Bi Tatu bado yupo. Jana tulikutana kisimani. Alinitazama muda mrefu, nikajua anasubiri hata neno moja la ming'oko. Mimi ambaye sina maneno mbele za watu nilikuwa nalo moja tu, na lilitosha. Nilimwambia, "Shikamoo, mama."

Nimemaliza, vidole vinauma. Mliosoma mpaka hapa, niandikieni hata mistari miwili: kwenu, mtani akivuka mpaka, mnamfanyaje? Na huwa mnamrudisha baada ya muda gani? Mama ameanza kuniuliza hilo, na mimi bado sitaki kumjibu.