Siku Baba Alipokwenda Kumtafuta Twiga

Baba yangu alikuwa mwalimu wa darasa la tatu katika shule ya kijiji chetu, upande wa Tosamaganga, na katika miaka yote niliyoishi naye nilimsikia akisema uongo mmoja tu. Aliusema mimi nikiwa nimekaa dawati la mbele, kwa sababu mwaka ule nilikuwa mwanafunzi wake.

Somo lilikuwa la wanyama. Alikuwa ametundika ukutani picha kubwa ya karatasi ngumu yenye simba, tembo, kifaru, pundamilia na twiga, wote wamesimama pamoja kwenye majani mafupi kama watu wanaosubiri kupigwa picha ya harusi. Baba aliwagusa mmoja mmoja kwa fimbo. Alipofika kwa twiga, mvulana mmoja wa nyuma akanyoosha mkono.

"Mwalimu, wewe umewahi kumwona?"

"Nani?"

"Huyo twiga. Kwa macho."

Baba aliitazama picha, akatutazama sisi, akakohoa.

"Ndiyo," akasema. "Mara nyingi."

Darasa zima likaguna kwa heshima. Mimi niliangalia kidau cha wino. Nilijua baba alizaliwa maili mbili kutoka pale, na kwamba safari yake ndefu kuliko zote ilikuwa ya kwenda Mbeya kusomea ualimu. Njia nzima, kwa maelezo yake mwenyewe, aliona mvua, na pale Igawa lori liliposimama aliona mbuzi.

Siku hiyo hakula vizuri. Jumamosi alikwenda kuungama. Padri alimwambia nini sijui, ila alirudi akasimama mlangoni mwa jiko, kofia mkononi, akamwambia mama, "Nataka twende tukamwone twiga."

Mama alikuwa anachambua maharage. "Twiga wa nini?"

Baba akamweleza. Akamaliza kwa kusema, "Nikishamwona, itakuwa kweli."

"Na hiyo 'mara nyingi' je?"

Baba alifikiri. "Nitamtazama, nifumbe macho, nimtazame tena."

Bahati nzuri mjomba, kaka yake mama, alikuwa dereva wa lori la mfanyabiashara mmoja wa mjini Iringa. Kila baada ya wiki mbili alipeleka chumvi na sabuni Idodi na kurudi na magunia ya mpunga. Mbele ya Idodi, alisema, ukiendelea hadi mtoni Ruaha, wanyama wamejaa hata wanachosha. Mwenye lori naye hakuwa na neno, mradi magunia yake yafike siku ileile.

Aliyepinga safari ni bibi, mama yake baba, aliyekuwa anakaa nasi. Yeye alikulia huko huko bondeni, na usichana wake aliumaliza juu ya kichanja akilinda mtama.

"Sisi tulipiga madebe ili tembo waondoke," alisema. "Nyinyi mnapanda lori kuwafuata. Wamewakosea nini?"

Lakini alfajiri ya safari, lori lilipopiga honi, bibi ndiye aliyekuwa wa kwanza kupanda. Alikaa mbele karibu na dereva, mwavuli mapajani, rozari shingoni, amejifunga kanga ya Krismasi.

Sisi wengine pia tulivaa za kanisani. Mama alikuwa amepiga pasi nguo zetu zote.

"Mama watoto," baba alisema, "wanyama hawavai nguo."

"Ndiyo maana lazima sisi tuvae."

Nyuma ya lori tulikuwa wanne: baba, mama, mimi, na mdogo wangu wa kiume wa miaka mitano, aliyekuwa ameahidiwa simba. Hakuelewa vizuri simba akoje. Kabla ya kufika Kalenga alimwona ng'ombe akauliza, "Huyu ndiye simba?" Akauliza kwa punda. Akauliza kwa mbwa. Pale Idodi, mzee mmoja mwenye ndevu nyingi alikuja kutusalimu kwa upole kabisa, na mdogo wangu akamnyooshea kidole. Mama alimfinya kabla sentensi haijaisha. Wakati huo vumbi lilikuwa limetufanya wote rangi moja, nguo na ngozi, na shati jeupe la mdogo wangu halikuwa na tofauti na tofali.

Baba alikuwa na daftari. Kila tuliposimama aliuliza habari za twiga.

"Walikuwa hapa jana," alisema mwenye duka.

"Mngewahi asubuhi," alisema mchunga ng'ombe.

Kwenye banda la mwisho tulimkuta askari wa wanyama, mtu mrefu mwenye kaptula ya kaki na miguu mitupu. Alituambia ng'ambo ya mto ni hifadhi, hatuna ruhusa ya kuvuka, ila kukaa upande huu hakuna kosa.

"Na wanyama?" mjomba akauliza. "Wao wanakaa upande gani?"

"Wao hawana habari na mpaka. Wanavuka wakitaka."

"Twiga je?" akauliza baba.

"Twiga?" Askari akatazama juu ya miti kama anayemtafuta mtoto wake. "Jana walikuwa wengi sana, mwalimu."

Mtoni tuliona viboko, maana yake tuliona masikio. Tuliona nyani, ambao hata kwetu wapo. Tuliona swala kundi zima wakiruka ng'ambo, na baba akawahesabu akaandika. Saa saba mchana, kwa kuwa jua lilikuwa kali na twiga hakuna, mama akatandika mkeka kwenye kivuli cha mkwaju, lori likiwa hatua kama ishirini. Akatoa viazi vitamu, maharage, kibuyu cha togwa, na kikapu kikubwa cha miwa aliyoileta kwa ajili yetu watoto. Bibi alikaa kwenye mkeka akanyoosha miguu.

Baba hakukaa. Alisimama mbele yetu, ameupa msitu mgongo, akafundisha. Nadhani aliona haya kwamba siku inaisha bila somo.

"Tembo," alisema, "ni mnyama mzito kuliko wote wa nchi kavu. Kwa hiyo hawezi kukujia kwa siri. Kabla hujamwona, utasikia ardhi ikitetemeka. Utasikia miti ikivunjika."

Nyuma yake, kati ya vichaka viwili, alikuwa amesimama tembo.

Sikusikia chochote. Hakuna aliyesikia. Pale palipokuwa na uwazi sasa palikuwa na ukuta wa kijivu wenye masikio. Mama alikuwa na kiazi mdomoni, kikabaki hapo hapo. Mjomba alianza kurudi nyuma kwa makalio kuelekea lori, taratibu, akiwa bado na bakuli lake.

"Hata tawi dogo akilikanyaga," baba aliendelea, "linatoa mlio kama..."

"Baba," mdogo wangu akasema, "huyu ndiye simba?"

"Mara ngapi nikwambie? Simba ana manyoya..." Baba akageuka.

Mambo yaliyofuata yalikuwa ya haraka. Mama alininyakua mkono mmoja na mdogo wangu mkono mwingine, tukakimbia. Lakini baba, ambaye alianza mbali kuliko sisi, alifika kwanza. Aliingia mbele kwa dereva, akafunga mlango, akashusha komeo. Mama alipofika akakuta mlango haufunguki. Hakupiga kelele. Alisogeza uso kwenye kioo akasema kwa sauti ya chini, neno kwa neno:

"Fungua mlango, mwalimu."

Kwa wiki mbili baadaye hakumwita jina lingine.

Baba alifungua. Tulipojibana wote humo ndani, mjomba kwenye usukani, ndipo tulipohesabiana. Bibi hakuwepo.

Alikuwa bado kwenye mkeka. Miguu yake ilikuwa imekufa ganzi kwa kukaa. Alikuwa amefungua mwavuli wake mweusi, ameushika wima, na tembo amesimama mbele yake umbali wa kutupa kijiti.

"Kamwene," bibi akamsalimu, kwa Kihehe, kama mtu akimpokea mgeni aliyekuja wakati usiofaa.

Tembo akapeperusha masikio. Akanyoosha mkonga juu ya viazi, akaviacha. Akanusa maharage, akaacha. Akakipata kikapu cha miwa. Akachukua muwa mmoja, akautafuna polepole.

"Hivyo ni vya watoto," bibi akamwambia.

Baba akavua kofia, akanipa. Akafungua mlango, akashuka, akaenda kwa miguu, si kwa kukimbia, akiwa ameinama kama mtu anayepita mbele za watu kanisani wakati wa misa. Alipofika akachutama akampa mama yake mgongo.

"Panda, mama."

"Na mkeka wa mkeo?"

"Panda."

Akambeba. Sisi tuliwaona wakija, yeye anahema, bibi mgongoni na mwavuli wazi juu yao wote wawili, akigeuka nyuma kumtazama tembo na kumlaumu mwanawe kwamba kibuyu kimeachwa. Tembo hakuwafuata. Alikula miwa yote, halafu akala na kikapu. Alipomaliza akavuka mto kwenda kwao, na maji hayakufika tumboni mwake.

Mama alishuka akampangusa baba jasho kwa ncha ya kanga yake. Baba akaomba maji.

Tulirudi Idodi, tukapakia mpunga, tukaanza safari ya nyumbani jua likiwa limeinama. Magunia yalikuwa na joto, tukalala juu yake. Baba peke yake ndiye aliyebaki wima, ameshika bomba la mbele, macho porini.

Nilishtushwa na ngumi zake juu ya paa la dereva. "Simama! Shemeji, simama! Twiga!"

Mjomba alidhani mtu ameanguka. Mpaka breki zishike tulikuwa tumeshapita kona mbili.

"Wapi?" mama akauliza, akifikicha macho.

"Kule! Alikuwa karibu na barabara! Ananitazama! Anatafuna!"

Tuliangalia wote. Kulikuwa na miti na vumbi letu wenyewe. Bibi akatoa kichwa dirishani mbele.

"Mwanangu," akasema, "leo umechoka sana."

Mjomba akacheka mpaka akaegemea usukani. Mama naye akaanza. Baba alisimama pale juu ya mpunga, mikono imelegea, na sijawahi kumhurumia mtu kama nilivyomhurumia saa ile.

"Hata mimi nimemwona, baba," nikasema.

Baba alinigeukia.

"Wewe ulikuwa umelala unakoroma," akasema. "Usiseme uongo."

Jumatatu aliingia darasani, akasema kwamba twiga amemwona mara moja, Jumamosi, jioni, na kwamba hizo nyingine alikosea. Alisubiri. Hakuna aliyejali. Habari za tembo zilikuwa zimeshafika shuleni kabla yake, kwa sababu Jumapili nzima bibi alikuwa amekaa nje ya kanisa akisimulia, na mikono thelathini ilikuwa juu ikitaka kujua kama ni kweli bibi alipeana mkono na tembo.

"Mkonga," baba akawasahihisha, akachukua chaki. "Tembo ana mkonga."

Nyumbani nako wageni walikuja wiki nzima. Kufikia Alhamisi, kwa maelezo ya bibi, tembo alikuwa ameitikia salamu, na Kihehe chake kilikuwa kizuri, ila kwa lafudhi ya watu wa bondeni.