Pale Fidla Zinaponyamaza

Mwalimu Modesta Rwegoshora alikuwa na uso wa mtu anayemngoja mwenzake aliyechelewa, na kwa kweli ndivyo alivyoishi mwaka ule wote. Kila Jumamosi alasiri aliketi katika ukumbi wa parokia wa Chikongola, Mtwara, sello imemwegemea begani, macho yakiwa mlangoni. Sello ni kaka mkubwa wa fidla: hupigwa kwa upinde vilevile, ila mpigaji huketi akaibana katikati ya magoti. Majirani zake wa Ufukoni hawakujisumbua na jina hilo. Wao waliiita zeze la mwalimu, na Hawa wa mlango wa pili alikwisha kumuuliza, kwa nia njema kabisa, kama halipatikani dogo.

Alifundisha jiografia. Kwao ni Bukoba, na ziwa alilokulia kando yake halina kupwa wala kujaa. Ukiliacha asubuhi utalikuta palepale jioni. Basi mwaka aliohamishiwa Mtwara, alipowapeleka wanafunzi wake Mnazi Bay akaikuta bahari haipo, imeacha matope yanayong'aa na wanawake wameinama wanachokora pweza, alisimama pale mpaka wanafunzi wakaanza kumcheka. Habari ya kupwa na kujaa alikuwa ameifundisha miaka nenda rudi, kwa chaki na michoro. Kumbe hakuwa akiijua.

Ndipo alipokutana, katika simu yake, na muziki wa mama mmoja wa Kimarekani, mtunzi wa siku hizi hizi, Bi. Corinne Halvey. Alikuwa ametunga kazi ya fidla mbili na sello kuhusu maji yanavyoiacha pwani ya kwao. Ni ule muziki wa watu wachache waketio pamoja chumbani, hakuna wa kuwapungia mikono, kila mmoja anamsikiliza mwenzake tu. Modesta alimwandikia, na yule mama akamtumia nota zote, akaomba tu aambiwe siku utakapopigwa Mtwara. Modesta alipomweleza Padri kwamba muziki wa namna hiyo huitwa muziki wa chumbani, Padri alikohoa kidogo, akashauri jina hilo lisitiwe kwenye tangazo.

Fidla ya kwanza alikuwa Mikaeli, mfanyakazi wa bandarini, aliyejifunza seminarini kabla hajaukimbia upadri. Ya pili alikuwa Upendo, muuguzi, mwanafunzi wa masista. Wote wawili walikuwa watu wa kwaya mpaka kwenye mifupa. Na hapo ndipo palipokuwa na kazi, maana katikati ya muziki ule vyombo vyote vitatu vinafifia, vinanyamaza, na juu ya ile nafasi tupu mtunzi ameandika maneno machache: msihesabu, fidla ya kwanza itarudi itakaposikia maji yanarudi.

"Mwalimu, mimi nasikia jenereta ya kinyozi tu," alisema Mikaeli siku ya kwanza.

"Basi ngoja usikie kingine."

"Na nisiposikia?"

"Utangoja."

Hakungoja. Kila mara waliponyamaza, Mikaeli alikuwa na upinde juu ya nyuzi kabla ukimya haujakaa sawasawa, kama mtu anayeogopa kwamba chumba kitamdai. Naye Upendo, asipokuwa na nota ya kupiga, mguu wake ulipiga sakafu.

"Dada Modesta, mguu huu ni wa kwaya, nifanyeje?"

"Uvue kiatu."

Alivua. Ukawa unapiga bila kiatu. Jumamosi nyingine ulikatika uzi, nyingine hewa ya chumvi iliachisha gundi kwenye sello, nyingine Mikaeli hakutokea kabisa kwa sababu meli ya korosho imekataa kumpa nafasi. Modesta alirudi nyumbani akiwa amekunja taya, akajibu salamu za Hawa kwa kichwa tu. Alikuwa amechoka na watu wasioweza kukaa kimya. Nchi nzima, aliona, ilikuwa na hofu ya kunyamaza.

Kisha Mikaeli akapata uhamisho wa kwenda Tanga, mwisho wa mwezi. Mtwara haikuwa na mpiga fidla mwingine ambaye Modesta alimfahamu. Kwa hiyo sasa alitaka kitu kimoja, na alikitaka mpaka usingizi ukampungukia: muziki ule upigwe mara moja, mzima, pamoja na ukimya wake, mbele za watu. Mara moja tu. Baada ya hapo Mikaeli aende hata na fidla yake akaitupe Pangani.

Walipiga Jumapili, baada ya misa ya pili. Ukumbi ulijaa, Padri alikuwa ametangaza vizuri, bila kutaja chumba. Mstari wa mbele aliketi Mama Goodluck, ambaye jina lake la ubatizo ni Martha, mwimbishaji wa kwaya, mwanamke mwenye sauti inayofika sokoni. Walianza. Mikaeli hakuwahi kupiga vile, mguu wa Upendo ulitulia, na sello ilitoa sauti nzito, laini, ya maji yanayovutwa taratibu. Wakafifia. Wakanyamaza.

Sasa, katika parokia ile kuna desturi ambayo Modesta aliijua fika, na hakuikumbuka. Mtu akiimba peke yake mbele, maneno yakampotea, haachwi. Kabla aibu haijamgusa, mmoja anaanzisha, ukumbi unapokea, na aliyekwama anabebwa mpaka mwisho kana kwamba ndivyo ilivyopangwa. Wamewabeba watoto wa komunyo hivyo, wamewabeba na mabibi harusi.

Mama Goodluck aliwatazama wale watatu, pinde zimesimama hewani, nyuso zimekaza. Akamwonea huruma mwalimu. Akaanzisha wimbo wa Bikira Maria.

Ukumbi ukapokea kwa sauti nne. Watu wakasimama, makofi yakaingia, kigelegele kikapasuka nyuma. Na Mikaeli, Mungu amsamehe, Mikaeli aliyefanya mazoezi mwaka mzima, akatafuta sauti ya wimbo kwenye fidla yake na kuufuata. Upendo akafuata. Modesta alibaki na upinde mkononi katikati ya furaha ile, akahisi machozi ya hasira yanapanda, na watu walipoyaona wakadhani ni ya shukrani, wakazidi kuimba.

"Pole, mwanangu," Mama Goodluck alimwambia nje, akimshika mkono. "Hutokea. Lakini umeona, hatukukuacha."

"Sikuwa nimekwama, Mama."

"Aa, hakuna aibu."

"Nakwambia sikukwama. Kile kimya kimo ndani ya muziki wenyewe. Ndicho nilichowaitia." Sauti ilianza kumpanda na hakuizuia. "Mmeniharibia. Mwaka mzima nimekaa katika ukumbi ule, na ninyi hamkuweza kufunga vinywa hata kidogo. Sikuomba msaada wenu. Nilichotaka ni mniache."

Mama Goodluck aliuachia mkono. Watu waliokuwa karibu wakageukia mambo mengine.

"Kwetu mtu akisimama mbele za watu, akakaukiwa, hatumtazami tu," alisema polepole. "Ungetuambia tungejua."

"Basi nawaambia sasa."

"Tumesikia. Jumapili ijayo Mikaeli bado yupo. Pigeni tena, nami nitawakalisha watu mwenyewe. Hata paa lidondoke, hakuna atakayefungua mdomo. Si ndivyo unavyotaka?"

"Ndivyo," alisema Modesta, na hakusema asante.

Hasira hasara, lakini yake ilikuwa haijaisha. Jumamosi alimkalia Mikaeli kooni. Akamwambia kwamba masikio yake hayaaminiki, maji yarudi yasirudi yeye hana habari nayo. "Wewe usiguse uzi mpaka nikutazame. Nikikutazama kwa wema, piga. Nisipokutazama, kaa."

"Lakini mtunzi ameandika nisikilize."

"Mtunzi hakufahamu. Mimi nakufahamu."

Mikaeli akasema sawa, kwa sauti ya mtu anayehesabu siku za kwenda Tanga.

Jumapili ukumbi ulijaa kuliko mara ya kwanza. Mama Goodluck alipita mstari kwa mstari, kidole mdomoni, akiwatolea macho mpaka wazee. Akina mama wenye watoto wachanga aliwaomba wakae upande wa mlangoni. Kisha akaketi palepale mbele, akafunga midomo.

Wakapiga. Walipiga vizuri, si kama mara ile, lakini vizuri. Wakafifia, wakanyamaza.

Na ukimya ukaja. Hakuna aliyekohoa. Hata jenereta ya kinyozi, kwa kuwa ni Jumapili, ilikuwa imezimwa. Modesta alifumba macho. Akaiona bahari imeondoka, matope yanang'aa, hakuna kinachosogea. Moyo wake, uliokuwa umekunjwa mwaka mzima, ukakunjuka. Alikaa humo. Alisahau ukumbi, alisahau Tanga, na alisahau kabisa alichomwambia Mikaeli jana yake.

Alipofumbua macho alimwona Mikaeli anamkodolea, jasho linamtiririka, upinde hewani. Mbona hapigi huyu? Modesta akakunja uso. Mikaeli akaona uso umekunjwa, akaushusha upinde magotini.

Upendo aliwatazama mmoja baada ya mwingine. Mguu wake haukujua la kufanya. Modesta akamwinulia Mikaeli nyusi. Naye, maskini, akatikisa kichwa kuonyesha kwamba ameelewa, hagusi kitu. Sello ilipaswa kuingia baada ya fidla, juu ya sauti ya fidla, na bila sauti hiyo Modesta alitafuta nota yake ya kwanza kichwani akaikosa. Nota zote zikamkimbia. Watu walikuwa wametulia tuli mbele yake, wameinamisha vichwa kwa heshima, wanasubiri, nao wangesubiri mpaka jua litue.

Akamtafuta Mama Goodluck kwa macho. Akamwomba, wazi kabisa, kama mtoto wa komunyo aliyepotelewa na maneno. Mama Goodluck alimwona, akamtazama kwa upendo wote aliokuwa nao, akatikisa kichwa taratibu: hapana mwanangu, leo hatukugusi.