Jumapili za Kuchagua Hoteli

Mama alikufa wiki tatu kabla ya safari yetu ya baharini. Hoteli tulikuwa tumeshaipata, na aliyeipata ni mimi. Nalisema hilo mapema kwa sababu watu wakisikia habari hii hunipa pole ya aina moja: angalau mlikuwa mmempangia kitu kizuri. Pole hiyo siitaki. Nimeikataa kanisani, nimeikataa kazini, na juzi nimemkatia simu shangazi yangu katikati ya sentensi kwa sababu yake.

Wazo lilikuwa la mdogo wangu wa kike, mwenye duka la nguo kule Witeithie. Mama alishona sare za shule mjini Thika kwa cherehani ya kukanyaga tangu kabla sijazaliwa, na magoti yake yalikuwa yamefika mwisho. Daktari alisema mazoezi ndani ya maji ya vuguvugu yangemsaidia. Mdogo wangu akasema, kama ni maji, mbona tusimpeleke Pwani, sisi sote na watoto, likizo ya Agosti? Mama alikuwa na miaka sabini na mbili na bahari hakuwahi kuiona. Hakuna aliyepinga.

Kwetu jambo haliwi jambo mpaka liundiwe kamati. Kaka yetu mkubwa akawa mwenyekiti, kwa kuwa amezoea. Mdogo wangu akawa mhazini, mimi nikawa katibu. Vikao tukaviweka kwa mama, Ngoingwa, kila Jumapili baada ya kanisa, kwa sababu mgeni wa heshima alikuwa yeye na magoti yale hayangepanda gari kila wiki kutufuata. Kabla ya hapo tulikuwa tunafika kwake Krismasi, Pasaka, na kukiwa na mgonjwa. Wakati huo sikuliona hilo kuwa neno. Nilidhani ndivyo watu wazima wanavyoishi.

Kikao cha kwanza kilikuwa Februari. Kaka alifungua kwa maombi, akasema ajenda ni moja tu, hoteli. Mama aliinua mkono kabisa, kama mtoto wa shule.

"Bahari mimi nitaiangalia tu nikiwa nimekaa," alisema. "Lakini hiyo maji ya mazoezi, nataka iwe ndani ya nyumba. Iko na paa na iko na ukuta."

"Mama, Mombasa ni joto," kaka akasema. "Nani atajenga swimming ndani ya nyumba?"

"Ndio mtafute sasa. Si mmesema nyinyi ni kamati? Mimi siwezi ingia kwa maji na wakwe zangu wamekaa hapo na soda wakiniangalia."

Wakwe zake wawili, mume wangu na wa mdogo wangu, waliokuwa wamebanana kwenye kochi, wakaanza kusoma zulia. Kwetu mkwe wa kiume na mama mkwe huheshimiana kwa umbali. Mume wangu amenioa miaka kumi na miwili na hakuwahi kumwona mama bila kitambaa kichwani, seuze ndani ya vazi la kuogelea. Sharti lilikuwa la haki. Nililiandika kwenye daftari na kulipigia mstari.

Sasa, mimi kazi yangu ni kununua. Niko kiwandani Ruiru, idara ya ununuzi, na kila kitu kinachoingia pale, kuanzia mafuta ya mashine hadi sabuni ya chooni, kimepitia mezani kwangu. Nina sheria zangu. Kwanza unaandika mahitaji, kisha unatafuta wauzaji watatu, unawalinganisha, unachagua, unafunga faili. Sijawahi kushindwa na kitu. Nilipiga simu hoteli za Pwani wiki nzima. Dada mmoja wa mapokezi alicheka hadi akaniomba radhi. "Mama, huku watu huja kulitafuta jua," aliniambia, "nyinyi mwalikimbia?" Nikamwambia anijibu nilichomuuliza.

Jumapili iliyofuata nilimpelekea mama hoteli ya kwanza, picha zote kwenye simu. Bwawa lilikuwa na paa la makuti na halikuwa na kuta. Mama akasema hicho ni kibanda. Iliyofuata ilikuwa na kuta, lakini za kioo, na upande wa pili wa kioo ni mahali pa kulia chakula. Mama aliuliza kama anatakiwa aoge huku watu wakimhesabu na samaki. Kaka alicheka mpaka akamwaga chai. Nyingine ilikuwa sawa kabisa ila watu wanashuka majini kwa ngazi ya chuma, na mama akataka kujua kama sisi tumewahi kumwona akipanda juu ya tangi.

Ikawa hivyo Machi, ikawa hivyo Aprili. Nikipata ngazi nzuri za saruji zenye pa kushika, anauliza kina. Nikipata kina, anauliza wajukuu wataoga wapi, maana hawezi kufurahia yeye huku wao wakilia. Nikipata bwawa lenye sehemu ya watoto, anauliza kama usiku kuna muziki. Mara moja alikataa hoteli kwa sababu vitanda vilikuwa vimekunjiwa taulo mfano wa ndege, akasema hawezi kuvunja kitu ambacho mtu amekitengeneza vizuri namna hiyo ili alale. Kaka alinitania, "Mwambie mama mchagua jembe si mkulima." Mama akamjibu kwamba yeye kweli si mkulima, ni fundi cherehani, na fundi hupima mara mbili.

Nikiwaza Jumapili zile sasa, naona vitu ambavyo sikuviandika kwenye daftari. Kaka, ambaye nyumbani kwake hagusi nyundo, alikuwa akimaliza kikao anazunguka nyumba kutafuta kilichoharibika. Alitengeneza mfereji wa jikoni, akatengeneza bawaba za mlango, mwishowe akawa anatengeneza vitu vizima. Watoto wangu na wa mdogo wangu walijifunza kugombana na kupatana bila sisi. Mume wangu, aliyekuwa akimwogopa mama kama mwalimu mkuu, siku moja alisinzia kwenye kochi lake mdomo wazi, na mama akatuashiria tunyamaze, akamfunika kwa shuka. Mama alikuwa anacheka sana miezi ile. Mimi nilikuwa naangalia saa. Nilikuwa na hasira na ajenda moja isiyofungika.

Mwanzoni mwa Juni nilipata hoteli yenye kila kitu. Bwawa ndani ya jengo lake, kuta za mawe, madirisha juu kabisa karibu na dari. Maji ya vuguvugu. Ngazi pana zenye pa kushika pande zote mbili. Kidimbwi cha watoto pembeni, vyumba vya chini, hakuna muziki, na saa mbili kila asubuhi zimetengwa kwa wanawake peke yao. Hata taulo nilikuwa nimeulizia. Nilimpa mama simu nikaketi nimekunja mikono, nangoja kusifiwa.

Aliziangalia zile picha muda mrefu. Alirudi nyuma, akaenda mbele, akaivuta moja kwa vidole ikawa kubwa. Kisha akanirudishia simu.

"Hiyo maji ni bluu sana," alisema.

Mdogo wangu akacheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimetoka kazini Jumamosi saa kumi jioni na nimeamkia kanisani, na hapo damu ikanipanda.

"Mama, unataka hoteli ama unataka tu kutusumbua?"

Nilisema hivyo mbele ya wakwe na wajukuu. Mama alikunja kitambaa cha meza pale kilipokuwa kimejikunja, akakinyoosha tena. "Kunyweni chai," akasema, "itapoa." Hakuna aliyenigombeza. Natamani mtu angenigombeza.

Jumatano yake, nikiwa ofisini, nilichagua hoteli ile ile, nikaithibitisha, nikawatumia wenzangu ujumbe kwamba kamati imemaliza kazi na vikao vimefungwa. Kaka akajibu kwa alama ya mikono inayopiga makofi. Halafu nikampigia mama.

"Mama, nimemaliza. Tumepata hoteli."

"Ni ile ya maji ya bluu?"

"Ile ile. Ukiingia utaona maji ni kawaida tu."

"Ni mzuri," alisema. "Sasa Jumapili mtakuja tuongee nini?"

"Hakuna kuongea tena, mama. Imeisha. Wewe pumzika, tutakuja kukuchukua Agosti."

"Sawa. Mungu awabariki."

Nilisikia shukrani. Niliweka simu mezani nikaenda kula mchana nikiwa mtu aliyefunga faili lililomshinda kila mtu.

Jumapili tulizirudisha kwetu. Nililala. Nilipeleka watoto Kamakis kula nyama, nikaosha gari, nikapanga kabati. Mdogo wangu alirudi kufungua duka baada ya kanisa, kaka alirudi kwenye mpira wake. Mama nilimpigia katikati ya wiki, mara mbili tatu, nikimuuliza habari anajibu, "Niko tu." Nilimuuliza kama ameshona vazi lake la majini, akasema bado anafikiria kitambaa. Sikuuliza zaidi. Nilikuwa nimemnunulia likizo nzima, nilijiona nimelipa ziara zote kwa mkupuo.

Alianguka Alhamisi moja asubuhi, katikati ya Julai, karibu na sukuma wiki zake. Jirani yake, mama mmoja waliyekuwa pamoja katika kikundi cha wanawake cha kanisa, alimwona kupitia ua, akaita watu, wakampeleka hospitali. Ilikuwa presha. Mimi niliondoka kiwandani na beji shingoni, na nilipofika kaka alikuwa amesimama nje ya wodi, amemshika mdogo wetu mabega yote mawili. Sikuhitaji kuambiwa.

Kamati iliyochukua miezi minne kuchagua hoteli ilipanga mazishi kwa siku nne. Ilikuwa kamati ile ile, mwenyekiti yule yule. Tulibadilisha tu jina la kundi kwenye simu. Jeneza nililichagua mimi, kwa kuwa ndiyo kazi yangu, na sikulinganisha matatu. Nilionyesha la kwanza kwa kidole nikatoka nje. Hoteli niliwapigia baada ya mazishi kusema hatutakuja. Dada wa mapokezi aliuliza kwa upole kama tungependa kusogeza tarehe mpaka mgeni wetu apate nafasi. Nikamwambia hatapata.

Wiki mbili baadaye nilikwenda Ngoingwa peke yangu kupanga vitu vya mama. Jirani aliniona, akaja na chupa ya chai, akakaa nami jikoni. Ni mwanamke asiyezunguka. Alinisaidia kufunga vyombo kwenye magazeti, na baada ya muda akaanza kucheka peke yake.

"Hiyo mambo ya hoteli," alisema, "mama yenu alikuwa ananichekesha. Kila Jumatatu alikuwa anakuja kwangu tunatafuta makosa ya Jumapili ingine. Hiyo ya taulo ni mimi nilimpa."

Nilimuuliza ana maana gani, ingawa mikono yangu ilikuwa imeshaelewa, maana ilikuwa imeacha kufunga.

"Hiyo ya mwisho alipenda. Alipenda sana, aliniambia iko kama alichora yeye. Nikamuuliza, na ulikataa kwa nini? Akaniambia, 'Nikisema ndiyo, hawa watoto hawatakuja tena.'"

Nilikaa kwenye kile kiti kifupi cha kumenyea viazi. Nilitaka kumwambia jirani kwamba mimi ni mtu wa kazi, kwamba mama angesema tu, kwamba nani anaweza kujua kitu ambacho hakuambiwa. Lakini nilikuwa nimeulizwa. Kwa simu, mchana, kwa maneno rahisi, na nilikuwa nimejibu.

"Alikuwa amenikasirikia?" niliuliza.

"Wewe? Alisema wewe ndiye uko na bidii kushinda wote." Alimwaga chai iliyokuwa imepoa, akanimiminia nyingine. "Hakukasirika. Alisema tu pengine mtasahau kwamba imeisha."

"Kivipi tusahau?"

"Mzoee. Mjikute tu mmekuja." Alitazama dirishani. "Hizo Jumapili baada ya hiyo simu, alikuwa akitoka kanisa anafungua geti, milango yote miwili, ya gari kuingia. Halafu anakaa hapo kwa veranda. Nikimwambia twende kikundi, anasema leo hapana, nangoja kidogo. Jioni anafunga."

"Jumapili ngapi?"

"Zote," alisema. "Zilikuwa tano, ama sita?"

Zilikuwa sita. Kutoka kwangu Ruiru mpaka getini kwa mama ni dakika arobaini, na Jumapili barabara huwa tupu.