Bolti Ambayo Vanes Hakuipima

Simu ilimkuta Loris Malavolti chini ya gari la mtu, Alhamisi asubuhi, katika gereji kubwa ya pembeni mwa Modena, Italia, alikoajiriwa. Alipoona jina la Iride, mke wa kaka yake, alijiburuta nje. Shemeji huyo hakuwa amempigia kwa miaka sita.

"Loris, Vanes hayupo tena."

"Tangu lini?"

"Leo hii. Nimempelekea kahawa gereji, nikamkuta kakaa ndani ya lile gari jekundu la daktari wa meno, mlango wazi, mita ya kupimia umeme iko mapajani. Nilidhani anasikiliza injini. Nikasimama kumngoja amalize."

Loris alipiga ishara ya msalaba. Kisha akafuta mikono kwa kitambaa, akaendelea kuifuta hata ilipokuwa safi. Wenzake walikuwa wanacheka jambo fulani kwenye jeki ya pili. Hakuna aliyejua kwamba ana kaka.

Vanes aliishi miaka sitini na nane, na yote aliiishi Nonantola, mtaa uleule. Alianza na matrekta ya baba yao, akaishia kwenye magari ya kasi, yale ambayo dereva habonyezi klachi: anavuta kijiti nyuma ya usukani, kompyuta inaamuru, mafuta yanasukuma, gia inaingia. Mafundi wengi waliyaogopa. Yakigoma, walibadilisha kompyuta na kuomba Mungu. Vanes aliomba Mungu pia, kila asubuhi kabla ya kufungua mlango, lakini kompyuta aliigusa mwisho. "Kompyuta ni mlalamikaji," alikuwa akisema, "si hakimu. Inakwambia panapouma, haikwambii aliyepiga." Kwanza alipima nyaya za ethi, zile zinazorudisha umeme kwenye bodi, moja baada ya nyingine. Kila aliyoipima aliitia alama ya chaki.

Baba yao aliwaachia sharti moja: bolti aliyoifunga mmoja, lazima mwenzake aipime. Walilifuata miaka thelathini. Halafu Loris akabadilisha kompyuta nzima ya gari la mteja kwa kuamini maandishi ya skrini, na ubovu ukarudi wiki hiyohiyo. Vanes akamwambia mbele ya mteja, "Mdogo wangu siku hizi si fundi, ni msomaji." Loris akachukua spana zake akaondoka. Tangu hapo walionana kanisani tu. Vanes alikaa benchi la kushoto, Loris la kulia, na wakati wa kupeana amani kila mmoja alimgeukia jirani yake.

Alipofika nyumbani kwa marehemu, Iride alikuwa jikoni. Mbele yake palikuwa na sahani ya tortellini, tambi za kujazwa nyama, iliyoletwa na majirani, mchuzi umeganda.

"Misa ni Jumamosi saa nne," alisema. "Lakini yule daktari wa meno amepiga simu. Ametoa pole, mtu wa watu. Kesho saa tisa analeta bredauni, gari livutwe kwingine."

"Ana haki, shemeji."

"Anayo. Ila katika miaka arobaini hakuna gari lililotoka hapa likivutwa. Hata moja. Sitaki la kwanza lipite mbele ya dirisha hili kaka yako akiwa hajazikwa."

Ijumaa asubuhi Loris alifungua gereji ya Vanes. Ukungu uliingia naye. Amosi, mzee jirani aliyekuwa mchonga vyuma, alikuwa tayari kakaa kwenye kreti lake pale pembeni, kama alivyokaa kila siku tangu astaafu.

"Msomaji karudi," alisema. "Umebeba miwani?"

"Nimebeba mita."

"Afadhali. Gari likiwa baridi linakwenda kama malaika. Likipata moto, gia inajitoa yenyewe, linabaki kunguruma tu. Vanes amehangaika nalo siku tisa. Alikuwa analisemesha."

"Wewe ulikuwa unamjibu?"

"Mimi sikuwa naulizwa. Alikuwa akisema, 'Loris, shika taa hapa.' Kisha anakumbuka, anaishika mwenyewe."

Loris akainama haraka.

Skrini ilisema kompyuta ya gia imekufa. Hakuiamini. Aliwasha gari, akaliacha lichemke, kisha akafuata chaki za kaka yake: kwenye betri alama, kwenye pampu ya mafuta alama, kwenye fremu alama. Alizipima zote upya na zote zilikuwa nzima. Ilipofika saa sita Iride alileta mkate na soseji, akavirudisha vilevile.

Saa saba na nusu aliukuta waya mmoja juu ya sanduku la gia, umefungwa kwenye kipande cha chuma ambacho hata mwenye gari hatakiona maisha yake yote. Haukuwa na chaki. Aliweka mita: volti mbili zilikuwa zinapotea pale, mahali pasipotakiwa kupotea kitu. Akafungua bolti. Chini yake palikuwa na rangi nyeusi, nzuri, imepakwa kwa brashi ndogo bila hata tone kumwagika.

Aliijua brashi hiyo. Kule kwao fundi haachi chuma na kutu, hata pa kufichika. Wakati wa kiangazi Vanes alibadilisha klachi ya gari hili, akakisafisha kile chuma, akakipaka, akafunga ethi juu ya rangi, na rangi huzuia umeme, hasa chuma kikipata moto. Alipokuja kutafuta ubovu, alipima kazi ya kila mtu isipokuwa yake. Nyani haoni kundule, na aliyepaswa kuona kwa niaba yake alikuwa kwenye gereji ya watu, miaka sita, kwa ajili ya neno moja.

"Umeona nini?" Amosi aliuliza.

"Waya."

"Waya wa nani?"

Loris alikwangua rangi kwa msasa mpaka chuma kikang'aa, akafunga, kisha akamwita mzee. "Njoo upime."

"Mimi? Mimi wa chuma, si wa umeme."

"Weka ncha hapa, nyingine pale. Soma."

Amosi akasoma. "Sifuri."

Walilizungusha gari Nonantola saa nzima, na gia hazikutoka. Saa tisa daktari alilirudisha bredauni tupu, akaondoka akiendesha mwenyewe. Iride alikuwa dirishani.

"Ilikuwa nini?" alimuuliza Loris.

"Kosa langu, shemeji."

"Wewe hujaligusa gari hilo."

"Ndiyo maana."

Iride alimtazama, kisha akamvutia kiti. Jioni walisali rozari pamoja na majirani wachache.

Jumamosi saa nne misa ilisomwa. Loris alikaa benchi la kushoto, kando ya Iride, na nafasi ya Vanes ilibaki wazi. Wanaume sita walibeba jeneza hadi makaburini, likaingizwa kwenye tundu la ukuta wa kuzikia, kama wanavyozika kule, safu ya pili kutoka chini, karibu na wazazi. Padri alinyunyiza maji ya baraka. Mwashi akaja na ndoo, akapanga matofali na kuyakandika saruji, nao wote wakasimama mpaka tofali la mwisho, kwa kuwa si desturi kuondoka kabla. Loris aliomba raha ya milele kwa sauti ya chini. Mwashi akaosha mwiko wake, akavua kofia, akawapa pole. Wakaenda nyumbani.