Jani la Jirani Yangu

Jirani yangu hapa Naitiri huingia shambani kabla umande haujakauka, maana majivu ya kufukuza wadudu hushika vizuri jani likiwa na maji. Huyanyunyiza kwa mkebe aliotoboa kwa msumari, akiugonga mara mbili kwa kila shina la sukuma wiki, wala hazidishi. Kidole gumba chake cha kulia ni cha kijani mwaka mzima kwa kuponda viwavi. Vile vidudu vyekundu vyenye madoa meusi yeye havigusi, kwa kuwa vinamlia vidukari wanaofyonza majani; ukikipangusa kimoja cha hivyo vyekundu utamsikia: "Wacha huyo, si ako kazini!" Na kila asubuhi, kabla ya kutoka, hukata jani moja na kulitafuna likiwa bichi.

Juzi muuza dawa alikuja na pampu mgongoni, akanipulizia mistari miwili ya sukuma bure. Jirani akasogea kwenye ua, jani lake mkononi. "Hiyo italiwa lini?" akamuuliza. "Baada ya wiki mbili, mama." "Yangu ni saa hii." Akalipasua jani katikati, akala nusu, nusu akampa. Muuza dawa akatafuna, akameza. Ndipo jirani akanyoosha kile kidole cha kijani kwenye mstari wangu uliolowa. "Sasa onja na hiyo yako, bana." Muuza dawa akainama kukaza kifuniko cha pampu, ambacho kilikuwa kimekazwa tayari. Jioni nilibisha hodi kwa jirani, kuomba sukuma.