Magoti ya Kupigia Deki

Nimechoka kuambiwa eti mopu ni ya wanawake wavivu. Nimeambiwa hivyo tangu nikiwa msichana mtaani Ziwani, ambako mama yangu aliipaka sakafu yetu rangi nyekundu na kuisugua hadi ukajiona uso. Deki hupigwa kwa mkono, kitambaa kimekamuliwa, magoti chini. Nikaolewa Buruburu, na kwa miaka ishirini nikafanya vivyo hivyo juu ya vigae, kila asubuhi, kama mjinga. Hakuna aliyenishikia kiboko, na hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Mwaka jana goti la kulia likafura. Uvimbe ulikaa mbele kabisa, laini, saizi ya yai, ukiubonyeza unacheza. Mama akaja na mafuta ya moto. "Hiyo ni damu imeganda," akasema, "lazima ikandwe." Akanikanda mpaka machozi yakanitoka, na mimi, mtu mzima na akili zangu, nikamwacha! Kesho yake ngazi za nyumbani nilizishuka kwa makalio.

Kliniki, kijana wa fiziotherapia akaniuliza, "Mama, wewe hupiga magoti sana?"

Nikamjibu kwa ukali kwamba mimi si mtu wa kukesha kanisani.

"Na deki je, unapiga vipi?"

Kwa mkono, nikamwambia, magoti chini. Akanieleza kuwa mbele ya goti, kati ya ngozi na mfupa, kuna kifuko chembamba cha majimaji kinachozuia msuguano. Ukikilalia kila siku kinachokozeka, kinajaa. Kukikanda vile ndiko kulikokitia wazimu. Nilikuwa na bahati, akasema, kwa sababu sikuwa na homa na ngozi haikuwa nyekundu yenye moto. Dalili hizo zingekuwa za maambukizi, na mtu hukimbia hospitali siku hiyohiyo.

Akanipa kazi. Barafu ndani ya taulo, robo saa, mara kadhaa kwa siku. Taulo jingine niliviringe chini ya goti, nilibonyeze, nihesabu hadi tano, niachilie. Niinue mguu ukiwa umenyooka. Kupiga magoti, marufuku kabisa. Nikikaidi, uvimbe utarudi na kurudi mpaka uwe sugu, na ngazi ziwe kilio changu cha kila siku. Nikatoka hapo moja kwa moja kwenda kununua mopu.

Wiki ya sita goti lilikuwa limenywea. Nilipanda ngazi bila kushika ukuta, nikacheka peke yangu. Ndipo mama akaja kunitembelea, akaikuta mopu mlangoni.

"Na hii ni nini?"

"Nimeambiwa nisipige magoti tena, mama."

"Ni daktari gani huyo anayewafundisha wanawake uvivu?"

"Mama, tafadhali, usinianze."

Hata sijamaliza, ameshajifunga leso, ametwaa kitambaa, yuko chini anasugua jikoni kwangu. Jikoni kwangu! Eti vigae vina utando. Damu ikanichemka. Wiki sita za barafu na kuhesabu hadi tano, halafu mtu aje anionyeshe sakafu yangu ni chafu? Nikampigia kelele, jambo ambalo sijawahi kulifanya maishani: "Inuka hapo! Mnataka niwe kiwete ndio mridhike?"

Hakuinuka. Kumbe alikuwa anajaribu. Alishika mguu wa meza, akauachilia, akaushika tena. Nikamwendea nimuinue kwapani, na leso ilipopanda nikayaona magoti yake. Yote mawili yalikuwa yamefura, ngozi nyeusi, ngumu kama ya kisigino. Miaka yote hiyo sikuwahi kuyatazama.

"Haya yameanza lini?" nikauliza, bado nafoka.

Mama alikaa kwenye stuli, akavuta leso akayafunika.

"Ulipoanza kutambaa," akasema. "Sikutaka utambae kwenye uchafu."