Kibati cha Kuvukia Songwe

Kwa Kiswahili ninaweza kusema 'kulala' kutwa nzima na hakuna atakayeshtuka. Kwa Kinyakyusa, lugha niliyonyonya nayo, neno hilo sijalitamka tangu nilipoolewa. Jina la baba mkwe wangu linafanana nalo mno, na kwetu mwanamke hatamki jina la baba wa mumewe, wala neno lolote linalosikika kama jina hilo. Desturi hiyo tunaiita kutila. Wewe na mkwe wako hamwonani, hamsemezani, hampishani njiani. Akija anakohoa tangu mbali upate kujificha. Ukimwona wewe kwanza, unajifunika nguo na kuingia kwenye migomba. Wageni hucheka wakisikia hayo. Mimi nilicheka pia, nilipokuwa msichana Makwale na kutila kulikuwa shida ya dada zangu.

Nilipoolewa upande wa mto Songwe, mama mkwe alinikalisha jikoni akanifundisha maneno ya nyumba yake, maana kila nyumba ina yake. Hata salamu ya asubuhi, ambayo kwetu ni kumuuliza mtu kama amelala, ilinibidi niibadilishe. Badala ya kulala tulisema kuzimika, kama moto unavyozimika. Mtoto amezimika. Nimechoka, nakwenda kuzimika. Lilikuwa neno la wanawake, la mekoni, lakini mume wangu alilipenda kwa kunichokozea tukiwa wawili tu. "Bado hujazimika?" alizoea kuniuliza, "au niongeze kuni?" Utani huo ndio ninaomkumbukia zaidi, kwa kuwa hatukukaa muda mrefu.

Ilikuwa enzi ya Mjerumani, kabla hajapigana na Mwingereza. Kodi ya nyumba ilidaiwa kwa fedha, na mume wangu akavuka ng'ambo kwa Mwingereza kwenda kuitafuta, akaniacha mjamzito. Msimu ukapita, ukaja mwingine. Binti yetu akazaliwa, akaota meno, baba yake hajamwona. Kisha mvuvi mmoja akaleta habari kwamba mume wangu yu mgonjwa Karonga, kifua kimemwisha, na anaomba mkewe aje na mtoto amtazame walau mara moja.

Karonga si mbali. Kabla Wazungu hawajaugawana mto, watu wetu walivuka asubuhi kwenda kunywa pombe kwa shemeji zao na kurudi jioni wakiimba. Lakini miaka ile kulikuwa na hofu ya malale, ugonjwa unaomsinzisha mtu mpaka anakufa, na hakuna aliyeruhusiwa kuvuka bila kupimwa na daktari. Ukionekana mzima ulipewa kibati chenye tundu, ukakivaa shingoni kwa kamba, na askari wa pande zote mbili wakikiona walikuacha upite. Daktari alifika kivukoni kila mwezi ulipoandama, akapima siku ile, akaondoka. Kibati chake kilidumu mpaka mwezi ule ufe. Na kilikuwa na ada yake, ya rupia, si ya kuku wala mikungu ya ndizi.

Hapo ndipo vichwa vilipotuuma. Ilikuwa masika. Songwe ulikuwa umepanda mpaka kwenye mashamba ya mpunga na wenye mitumbwi walikataa kuvusha hata mbuzi. Ukipimwa na mto usipungue, kibati kinafia shingoni mwako na ada imekwenda. Ukingoja mto upungue kwanza, daktari ameshaondoka, na kifua cha mgonjwa hakijui habari za mwezi. Ada ya kupimwa mara mbili hatukuwa nayo. Hata ile ya mara moja, yangu na yake maana ndiye angenipeleka, baba mkwe aliipata kwa kuuza mtamba ambaye alikuwa amemwekea mwanawe mdogo kwa mahari.

Alikuja kutoa uamuzi wake akiwa nje ya nyumba yangu, mimi ndani. Maneno yalipitia kwa mama mkwe aliyekuwa amekaa mlangoni, ingawa ukuta ulikuwa wa mianzi na kila mmoja wetu alimsikia mwenzake vizuri kabisa.

"Mwambie mwezi huu hatuendi," alisema. "Mto utaimeza ada yetu bure."

"Amesikia," mama mkwe akajibu.

"Mwezi ujao maji yatakuwa yamerudi. Tutapimwa asubuhi, tutavuka siku hiyohiyo."

Nilimnong'oneza mama mkwe, "Muulize, je, mwanawe naye atangoja?"

Mama mkwe alinitazama kwa jicho ambalo sikulipenda, kisha akapaza sauti. "Anasema ndaga. Anashukuru sana."

Sikuwa nimesema ndaga. Mwezi mzima nilitwanga kwa hasira mpaka mchi ukapasuka, na kila baba mkwe alipokohoa kule njiani nilijificha polepole kuliko ilivyopasa. Lakini lazima niseme haki yake: hesabu ile ilikuwa sahihi. Mvua zilikatika alivyosema zitakatika. Mwezi ulipokaribia kuandama, Songwe ulikuwa umerudi ndani ya kingo zake, na mvuvi yuleyule akatuambia mgonjwa bado yupo, amekonda, anaongea. Basi tulikuwa tumeuwahi wakati. Nilimfunga mtoto mgongoni nikiwa na furaha, na sioni aibu kusema hivyo, nilikuwa na furaha kama mtu anayekwenda harusini.

Tulisafiri tulivyoweza. Yeye alitangulia, mimi nikafuata mbali nyuma, nikiongozwa na kikohozi chake. Kivukoni watu walikuwa wamechuchumaa mstari mrefu, wanaume kwa wanawake, na askari hakutaka kusikia habari ya mtu kumkwepa mkwe wake. Nikajibanza kwenye matete. Baba mkwe akalipa ada zetu zote mbili, akapimwa, akavaa kibati chake, kisha akashuka ukingoni kushika nafasi kwenye mtumbwi. Alipokwisha kuteremka ndipo nilipojitokeza.

Daktari alikuwa Mzungu mwembamba, mikono yake inanuka dawa. Alinibonyeza shingo pande zote, chini ya masikio na kisogoni, akitafuta tezi zilizovimba. Akanifunua macho, akatazama ulimi. Hakuona kitu. Aliingiza mkono katika kisanduku akatoa kibati, nilikiona kinang'aa kati ya vidole vyake, na moyoni nikaanza kuwaza mtoto avalishwe nini tukifika.

Yakabaki maswali ya mkalimani. Alikuwa mtu wa pwani aliyeokota Kinyakyusa chake sokoni, akauliza bila kunitazama, kwa maana alikuwa ameyauliza tangu asubuhi. Kichwa kinauma? Hakiumi. Una homa? Sina.

"Unalala vipi, usiku na mchana?"

Alilitamka wazi lile neno, hakujua amemtaja nani. Nikamjibu kama nilivyofundishwa.

"Usiku nazimika vizuri," nilisema. "Mchana nazimika mtoto akizimika."

Ndipo akaniinulia macho. "Unafanya nini?"

"Nazimika."

"Unaanguka?"

"Sianguki hata kidogo. Nazimika tu, kama watu wote."

Wanawake waliokuwa nyuma yangu wakaangua kicheko. Walijua kwamba kuna jina ninalolikwepa, ila jina gani hawakujua, kwa kuwa hawakuwa wa nyumba yetu. Mmoja akamwita mkalimani, "Ni mambo ya mkwe wake huyo!" Mkalimani akamkemea. Hakuulizwa mtu habari za wakwe, alisema, wanyamaze wangoje zamu zao. Kisha akamgeukia daktari akamweleza kwa Kiswahili. Wakati ule Kiswahili changu kilikuwa cha maneno machache tu, lakini moto nililijua, na mtoto nililijua. Alisema ninazimika kama moto, usiku na mchana, na mtoto wangu vilevile.

Daktari alikirudisha kile kibati kisandukuni.

Watu wamewahi kuniambia, wasomi hasa, kwamba ningelitamka tu lile neno, silabi chache, mambo yakaisha. Nawajibu wavue nguo sokoni kwanza, kisha tuzungumze. Sikulifikiria nikalikataa. Ulimi wangu haukuwa na njia ya kulifikia. Nilirudia kuzimika, kuzimika, kwa sauti kubwa zaidi kila mara, kama vile mtu asiyesikia lugha yako atakuelewa ukipiga kelele, na kadiri nilivyopiga kelele ndivyo nilivyozidi kuonekana mgonjwa.

Kelele zilifika ukingoni. Baba mkwe akageuka, akaniona uso wazi, askari kanishika mkono, mtoto analia. Papo hapo akanipa kisogo, kama mwanamume mwenye heshima anavyopaswa kufanya. Mimi sikuweza kumwita. Yeye hakuweza kuja. Mtu mmoja aliyekuwa amekwisha kupimwa akashuka akamweleza kwamba nimezuiwa kwa sababu nimesema ninazimika, nikamwona akisikiliza akiwa amesimama vilevile, mgongo wake kwangu. Wenye mtumbwi walimpigia makelele. Kibati chake nacho kilikuwa kimeanza kuhesabu siku zake, na mgonjwa ni mwanawe. Akapanda.

Sisi tulioshukiwa tulikaa katika kibanda cha matete palepale kivukoni, kungoja daktari arudi mwezi utakapoandama tena. Mlinzi aliagizwa atuangalie kama tunasinzia mchana. Basi niliogopa kusinzia. Usiku mtoto alinifanya nikeshe kwa kulia, mchana nilijifinya mapaja, nikaosha uso kwa maji ya mto, nikalima bustani ya mboga ya askari ili nipate kitu cha kulipia ada ya pili. Mama mkwe alikuja kukaa nami, akapika, hakulalamika hata mara moja, na kimya chake kilinichosha kuliko jembe. Kibati nilikuja kupewa. Daktari alinibonyeza shingo ileile, asione kitu tena, na safari hii mama mkwe ndiye aliyejibu maswali, kwa kuwa jina lile si la mkwe wake yeye. Nilivuka nikiwa nacho shingoni kwenda kuona kaburi.

Lakini kabla ya siku hiyo baba mkwe alirudi. Jua lilikuwa bado lipo. Nilisikia kikohozi chake kikipanda kutoka mtoni, nikaingiza mtoto ndani. Mama mkwe akakaa mlangoni. Hatukuhitaji kuuliza, mtu mwenye habari njema hakohoi vile.

"Mwambie tumemzika vizuri," alisema upande wa pili wa matete. "Wakristo wa kule walisaidia. Mahali penyewe pana kivuli."

"Amesikia," alisema mama mkwe. Alikuwa ameshika kizingiti kwa mikono miwili.

"Akili zake alikuwa nazo, mpaka karibu na mwisho. Aliuliza mkewe yuko wapi. Nikamwambia daktari kamzuia, eti amesema anazimika. Akacheka. Mtu anakufa, anacheka! Nikajua homa imempanda kichwani. Akasema, 'Mwambieni asilie, mimi nami nazimika tu.' Akalirudia neno hilo, akinitazama kama anayengoja jibu. Sikumjibu."

Safari hii mama mkwe hakusema amesikia. Mimi nilikuwa nimeuma nguo ya mtoto.

"Ni neno gani hilo?" aliuliza baba mkwe. "Lilisemwa kivukoni hapa, na yeye kule akalisema. Ni ugonjwa?"

Mama mkwe aliachia kizingiti. "Ni neno letu la jikoni," alisema. "Tunalisema ili tusikutaje wewe."

Nilimpakata mtoto, nikampa ziwa. Nilimchukia baba mkwe wangu wakati ule, kwa kisogo chake, kwa jina lake, kwa kuwa alikaa kitandani pale ambapo ningekaa mimi na asielewe alichoambiwa. Nilitamani atamke lolote nipate kumchukia vizuri zaidi.

"Ungenitaja tu, mwanangu," alisema.

Hakusema mwambie. Alilisema kwangu, kupitia matete, kwa mara ya kwanza na ya mwisho katika maisha yetu. Sikumjibu, kwa kuwa mkwe hajibiwi. Nikamsikia akikohoa, akaondoka kwa njia ndefu ya ukingoni, ili asipite mbele ya mlango wangu.